Ivunje namba mpaka mwisho, ndipo uitaje aina yake

Wadogo zangu mnaoanza hisabati hapa Dodoma, swali la kwanza la nadharia ya namba mtaliona kama la shule ya msingi: namba hii ni ya aina gani? Mimi lilinifunza adabu kwenye 61,741,120, idadi ya watu Tanzania katika sensa ya 2022.

Inaishia na sifuri, basi 2 na 5 zimo. Tarakimu zake zina jumla ya 22, kwa hiyo 3 haimo. Niliigawa kwa 2 mara sita, kwa 5 mara moja, kwa 7 mara moja, ikabaki 27,563. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilijaribu 11, 13, 17, nikapanda hadi 41, kila mara kuna baki. Usiku ulikuwa umekwenda na upepo wa Dodoma unatikisa madirisha. Nikaandika kwamba 27,563 ni namba tasa nikalala. Namba tasa inayofuata 41 ni 43, na 43 × 641 ni 27,563 kamili.

Kosa lile liliharibu kila kilichofuata. Idadi ya vigawo hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kipeo, yaani idadi ya mara ambazo kila namba tasa imo, kisha kuzidisha. Mimi nilipata 7 × 2 × 2 × 2, yaani 56, kumbe ni 112. Nusu ya vigawo ilipotea kwa sababu sikugawa mara moja zaidi.

Kwa hiyo msiache kwa kuchoka, acheni mkifika mpaka. Mpaka ni kipeuo cha pili cha kilichobaki. Cha 27,563 ni 166 na kidogo, hivyo ilinipasa nifike 163 kabla ya kutamka neno tasa. Ukipata kigawo, mpaka hurudi karibu: kipeuo cha 641 hakifiki 26, na namba tasa zote za chini ya hapo tumeshazijaribu. 641 ni tasa, basi.

Na 641 hiyo ina historia. Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Nilipoikuta ndani ya sensa yetu niliruka kwa furaha.

Vigawo vikishakamilika, aina hujitokeza. Namba yetu ni shufwa. Si mraba, maana 5 imo mara moja tu. Si kamilifu kama 6, ambayo ni sawa na 1 + 2 + 3: vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vina jumla ya 110,458,688, inayoizidi kwa mbali.

Sasa chukueni idadi ya mkoa wetu katika sensa hiyohiyo, 3,085,625. Gaweni kwa 5 mara nne, itabaki 4,937. Msiitaje aina yake kabla ya kujaribu 67.