Nimewaambia wasiogope kukosea, mbona bado wanaficha?

Swali: Naongoza timu ya watu tisa. Kila kikao nasema mlango wangu uko wazi, ukikosea njoo. Nikaleta hadi mtu wa hamasa akawapa semina siku nzima. Juzi nagundua kosa la hesabu ambalo watatu walilijua wiki mbili nzima na hakuna aliyefungua mdomo. Nifukuze mmoja iwe fundisho au nilegeze kamba?

Jibu: Usifukuze mtu, na kamba usiilegeze. Swali hili naletewa kila mara na linaniuma maana wengi wanaouliza wameshalipia semina. Hivi mtu wa hamasa ambaye Jumatatu hayupo anawezaje kuwaahidi watu wako kwamba hawataaibishwa? Wamepiga makofi, wameimba kauli mbiu, kesho yake kila mtu karudi kusoma uso wa bosi. Watu wanaangalia yaliyompata wa mwisho aliyekuletea habari mbaya. Unamkumbuka? Ulimjibu nini?

Mtu anaingia anakwambia "bosi, nimemtumia mteja hesabu za mwezi uliopita." Wewe unashusha pumzi, unaweka kalamu chini, unauliza "ilikuwaje hukuangalia?" Hujatukana wala hujapaza sauti, ila ameshapata jibu lake, na wale wawili wanaojifanya wanachapa pale karibu wamelipata pia. Anza na kazi: mteja ameshafungua? Tunamwahi vipi? Mshukuru kwa kuwahi kusema. Ya kwa nini yaje mkishatulia, na hapo chunguza utaratibu, pengine mafaili yote mawili yana jina moja na hakuna jicho la pili linalokagua. Kwenye kikao taja kosa lako mwenyewe la wiki hii, lililogharimu kitu, usituletee lile la "tatizo langu najituma mno".

Kinachonichosha zaidi ni wanaodhani usalama, yaani mtu kusema kosa lake bila kuogopa kuaibishwa, ni upole. Viwango vibaki juu vile vile. Waambie wazi kuanzia sasa: kosa lililosemwa mapema tunalirekebisha pamoja, la kuficha kwa makusudi lina adhabu, na uzembe unaorudiwa una kikao chake. Hao watatu huwezi kuwaadhibu kwa sheria ambayo hukuwahi kuiweka.

Na jamani viongozi, acheni kushangilia ripoti isiyo na kosa hata moja. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitegemea timu nzuri zitakuwa na machache, akakuta zina mengi kwenye rekodi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu walikuwa wanayasema. Kimya ndio cha kuogopa. Mwaka 1977 kisiwani Tenerife, Hispania, kwenye ukungu, ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia wakafa watu 583. Fundi aliyekuwa chumba cha marubani cha ndege iliyokuwa inaanza kuruka aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani, rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kwamba ndiyo, mambo yakaishia hapo, hakuna aliyebisha tena. Baada ya hapo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wakubwa kusikiliza na wadogo kusema, na mpaka leo mazoezi hayo yanarudiwa mwaka hadi mwaka, sasa mtu akikwambia atakuwekea hali hiyo kwenye timu yako kwa siku moja na cheti juu, mnyime hela yako.