Usaha hauna wakili

SWALI: Shikamoo mhariri. Mzee wangu anasema "kutumbua majipu" ilikuwa mbwembwe tu ya kunogesha hotuba, mimi naona maneno yale yalibadilisha kabisa namna tunavyowaona watumishi wa umma. Nani yuko sahihi? Na je tuache kuyatumia? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mzee msalimie sana ila kwa hili niko upande wako. Rais Magufuli alilileta lile neno, yaani kuwang'oa watumishi wabovu, bungeni Dodoma Novemba 20, 2015, akasema kabisa kwamba kutumbua jipu kunauma ila hamna dawa nyingine, wiki moja baadaye kamishna mkuu wa TRA (mamlaka ya mapato) akasimamishwa kwenye sakata la makontena 349 yaliyopitishwa bila kulipiwa kodi, basi mtaa mzima ni "katumbuliwa, katumbuliwa".

Sasa cheki hiyo picha inavyogawa nafasi: rais daktari, mtumishi ndo usaha, mimi na wewe mgonjwa tuliolala tunasubiri nafuu. Nani ataomba jipu lisikilizwe kwanza kabla ya kukamuliwa? Ndo maana watu walishangilia mtu kusimamishwa hadharani na uchunguzi hata haujaanza, na ukiuliza habari za utaratibu unaambiwa unatetea mafisadi. Sikatai, uozo ulikuwepo na watu walikuwa wamechoka kwelikweli, bila hivyo neno lisingeshika haraka vile.

Hadi leo taarifa ya Ikulu inasema "ametengua uteuzi", haitaji kosa lolote, ila ikifika kwenye magrupu ya WhatsApp ishakuwa "katumbuliwa" na hapohapo mtu keshakuwa mwizi, kumbe wengine wanapangiwa tu kazi nyingine.

Kuhusu kuacha, hapana, nani atawazuia watu midomo? Halafu picha hizi huwa zinamgeuka mwenyewe. CCM, chama tawala, 2011 walikuja na "kujivua gamba", maana yake wanaotuhumiwa ufisadi wajitoe wenyewe chama kibaki safi. Julai mwaka huohuo Rostam Aziz, mmoja wa vigogo waliokuwa wakishinikizwa wajitoe, akaachia ubunge wa Igunga (yeye alisema kachoshwa na siasa uchwara). Wapinzani wala hawakuhangaika kutunga jibu, walishapewa bure: nyoka akijivua gamba si anabaki nyoka yuleyule, tena anang'aa zaidi? Muulize mzee, hiyo lazima anaikumbuka.