Jibu: Uamuzi wa rufaa ya mwenzako na dai lako la goti

Pole kaka. Umeuliza kama uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Maveterani (wanajeshi wa zamani) ya Marekani uliompa mwenzako fidia ya goti lililoumia jeshini unaweza kukubeba na wewe uliyekataliwa. Kwa sheria ya Marekani, hapana. Kila uamuzi wa Bodi unahusu kesi ile tu, haumfungi jaji mwingine. Lakini usiutupe. Usome hasa pale jaji anapoeleza kwa nini alimwamini daktari huyu na si yule, maana kesi nyingi husimama au kuanguka hapo. Daktari anayeandika tu kwamba goti "huenda" liliumia jeshini hana uzito. Anayesema uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, akatoa sababu na kurejea faili lako la matibabu la jeshini, huyo husikilizwa. Ushahidi ukilingana pande zote, faida ya shaka ni ya veterani.

Sasa angalia tarehe ya barua ya kukukatalia dai, una mwaka 1 tangu hapo wa kuupinga uamuzi huo. Tangu 2019 njia ni tatu: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, mapitio ya ofisa wa juu (hapo hawapokei karatasi mpya hata moja), au Bodi kwa fomu 10182. Kwa ulivyoeleza, huna maoni ya daktari kuhusu chanzo, kwa hiyo mimi ningeyatafuta kwanza, kisha dai la nyongeza. Bodi ina foleni ndefu. Ukiwahi ndani ya mwaka na kushinda, kwa kawaida malimbikizo ya fidia huhesabiwa tangu dai la kwanza.

Na Bodi ikirudisha faili kwa uchunguzi zaidi, hujashindwa. Hawajaamua bado.