Muulize Shangazi: Magoti ngazini, viatu mlangoni

Barua za safari zimejaa kapuni, na nyingi zinauliza jambo moja: niende wapi? Nimeongoza makundi ya mahujaji na watalii kwa miaka mingi, hadi magoti yaliponiambia basi, na swali hilo hunichosha. Pa kwenda mnapajua, picha zipo kila mahali. Niulizeni siku gani, saa ngapi, na kwa miguu ipi. Nimechagua barua nne zilizouliza hivyo.

*Shikamoo Shangazi. Mama yetu anatimiza miaka 70 na sisi watoto tumechanga nauli. Amekwisha kutaja anakotaka: Petra ya Jordan, Mlima Sinai wa Misri na magofu ya Machu Picchu kule Peru. Lakini ana baridi yabisi ya magoti, ngazi anashuka kwa kushikilia ukuta. Kaka zangu wanataka tumpeleke mahali penye lifti. Tufanyeje? – Kitindamimba*

Marahaba, mwanangu. Kaka zako wasalimie, na uwaambie mama ameshasema. Iliyobaki ni kazi ya kupanga, si ya kumchagulia.

Petra anaiweza. Kutoka lango la tiketi hadi Al-Khazneh, ule uso wa jengo uliochongwa kwenye mwamba wa rangi ya waridi, ni kama kilomita 2, na zaidi ya nusu yake mnapita ndani ya Siq, ufa wa mwamba wenye urefu wa kilomita 1.2. Hapo wengi hudanganyika. Wakati wa kwenda njia inateremka polepole, mtu anajiona kijana. Wakati wa kurudi ni kupanda, jua liko utosini na chupa ya maji haina kitu. Basi aende kwa miguu, arudi kwa kigari cha umeme. Vigari vipo, ila ulizieni cha kurudi mnapoingia, msingoje mpaka amekaa chini hawezi kuinuka. Ad-Deir, lile jengo la kule juu, aliache. Ni ngazi 800 hivi, na nyingine zimelainishwa na nyayo hadi zinateleza hata zikiwa kavu.

Ndani ya Siq msimkimbize. Watu wote hupita pale wametumbulia macho mbele, wanaiwinda ile picha ya Al-Khazneh ikichungulia kwenye ufa. Mama mwambieni atazame ukutani. Kuna mfereji umechongwa kwenye mwamba wenyewe, unaifuata njia kona kwa kona. Ni kazi ya Wanabatea, wenyeji wa kale wa Petra, miaka 2,000 hivi iliyopita, na ndio ulioleta maji kwenye mji wa jangwani. Niliwahi kuongoza fundi bomba mstaafu aliyechuchumaa pale, akafunga jicho moja, akapima mteremko wake kwa kidole gumba na kutikisa kichwa kwa heshima. Al-Khazneh aliitazama dakika tano, akasema ni nzuri.

Mlima Sinai, hapana, na ninaandika hivyo kwa masikitiko. Una mita 2,285. Makundi huanza kupanda usiku ili macheo yawakute kileleni, na ngamia humshusha mtu kwenye ngazi 750 hivi za mwisho, mawe yasiyolingana, gizani, kwenye baridi. Kupanda atajikaza. Kushuka ndiko kunakoyamaliza magoti. Abaki chini kwenye monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyojengwa karne ya 6 kwa amri ya Kaisari Justinian na yenye watawa hadi leo. Hufunguliwa kwa saa chache tu za asubuhi, na siku nyingine haifunguliwi kabisa, kwa hiyo ulizieni ratiba ya wiki hiyohiyo mtakayofika.

Machu Picchu tatizo la kwanza si magoti, ni hewa. Wengi hutua Cusco, mji ulio mita 3,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430. Yaani mlima mnaouogopa uko chini ya mji mnaolala! Mkishatua, teremkeni siku hiyohiyo hadi bondeni, Ollantaytambo kwa mfano, alale huko usiku mbili tatu. Cusco iwe mwisho. Daktari wake aulizwe kabla nauli haijalipwa, hasa kama ana presha. Kutoka Aguas Calientes, kimji kilicho chini yake, basi litawapandisha hadi langoni. Tiketi huandikwa saa ya kuingia na njia ya kupita, basi chagueni njia yenye ngazi chache. Na jambo ambalo watu huambiana kwa kunong'ona: ndani hakuna choo. Kipo nje ya lango tu.

*Shangazi, mimi ni mtu wa dini, na safari yangu ijayo itanipitisha kwenye nyumba za ibada zisizo za dini yangu. Nikivua viatu na kufunika kichwa humo, nitakuwa nimeabudu? Na nikikataa, nitakuwa nimewatukana? – Mwenye wasiwasi*

Swali la kwanza mpelekee sheikh wako au padri wako. Mimi si mufti wala askofu. La pili nalimudu.

Kuvua viatu mlangoni kwa mtu ni adabu kabla hakujawa ibada. Ukiona huwezi, kaa nje, hakuna atakayekukasirikia. Watu hukasirikia anayeingia nusu: viatu kavua, kofia ya jua bado kichwani, simu juu, mgongo kawapa wanaosali. Kwenye Hekalu la Dhahabu la Kalasinga kule Amritsar, India, kila mtu hufunika kichwa na kupitisha miguu kwenye maji kabla ya kuingia. Lina milango minne, watu wa kila upande wakaribishwe. Chakula hutolewa bure kwa yeyote, tajiri na omba omba wamekaa sakafuni mstari mmoja. Chapati ikifika, ipokee kwa viganja viwili vilivyofunguka. Mara ya kwanza nilinyoosha mkono mmoja, mgawaji akasimama tu ananitazama, mpaka mtoto wa jirani yangu akanivuta ule mwingine. Hakuna aliyenisema.

Ukifika Yerusalemu, jikaze uamke kabla jua halijatoka, uende Kanisa la Kaburi Takatifu uone mlango unavyofunguliwa. Ufunguo umo mikononi mwa familia za Kiislamu tangu karne nyingi, kwa sababu madhehebu ya Kikristo yaliyomo hayakuaminiana nao. Kutoka ndani hutolewa ngazi ya mbao kupitia kidirisha cha mlango, bawabu anaipanda ili aifikie kufuli ya juu. Kila siku hivyo. Mtu wa dini mwenye wasiwasi kama wewe atajifunza zaidi kwenye kizingiti kile kuliko kwenye jibu langu.

Hagia Sophia ya Istanbul nayo ina mambo yake. Ilifunguliwa mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti 1453, makumbusho 1935, na msikiti tena tangu 2020. Siku hizi wanaosali huingia chini na watalii hupelekwa roshani ya juu. Wapo wanaolalamika. Mimi juu napapenda, maana kwenye ukingo wa marumaru kuna jina la mtu wa kaskazini ya Ulaya, Halfdan, alilolikwangua kwa runi, herufi za kale za kwao, karne nyingi zilizopita. Ubaradhuli wa kuandika majina ukutani haukuanzia kwenye mabasi ya watalii.

Palipoandikwa usiingie, usiingie. Makka si ya asiye Mwislamu, habari imekwisha. Uluru kule Australia, Waanangu wenye ardhi ile waliomba miaka na miaka watu wasiupande mwamba wao. Ulipofungwa rasmi tarehe 26 Oktoba 2019, siku za mwisho foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, ya watu waliokimbilia kufanya walichoombwa wasifanye. Wewe zunguka chini yake. Mwamba una mita 348 kwenda juu, na hujazaliwa mtu wa kuuona wote akiwa amesimama mgongoni mwake.

*Shangazi, tuna siku moja tu ya Agra, na ni Ijumaa. Tutaiona Taj Mahal vizuri saa ngapi? – Maharusi*

Hongereni, na poleni. Ijumaa Taj Mahal imefungwa, isipokuwa kwa wanaokwenda kusali kwenye msikiti wake. Najua kwa sababu mwaka wangu wa pili kazini nilisimama langoni na watu 14 walionilipa ili nijue mambo kama hayo. Kama siku haibadiliki, vukeni mto Yamuna jioni mwende Mehtab Bagh, bustani iliyo ng'ambo, iliyopangwa ikabiliane na Taj moja kwa moja. Mtaiona kwa nyuma, mto ukiwa katikati, na nafasi ya kukaa mtapata. Wale 14, wawili tu ndio waliodai pesa zao.

*Shangazi, niliamka saa kumi usiku kwenda kuona macheo kwenye hekalu la Angkor Wat, Kambodia. Nikaona migongo ya watu na mwanga wa simu. Sikuhisi chochote. Nina kasoro? – Moyo mkavu*

Huna kasoro yoyote, uliipa kisogo saa yako. Angkor Wat imeelekea magharibi. Alfajiri jua linatoka nyuma yake, kwa hiyo unachopata ni kivuli cheusi cha minara kwenye bwawa, pamoja na kiwiko cha jirani. Jiwe lenyewe huwaka alasiri, jua likiupiga uso wa hekalu.

Lakini hata asubuhi ile hukuipoteza yote, uliondoka mapema. Jua likishachomoza, umati wote hukimbilia kifungua kinywa. Wewe zunguka hadi ukumbi wa mashariki, upande wa kusini, ambako ukuta wa mita 49 hivi umechongwa hadithi ya Kihindu ya kusukasuka Bahari ya Maziwa. Miungu upande huu, asura, yaani mahasimu wao, upande ule, wanamvuta nyoka mmoja kama wavuta kamba, ili bahari isukwe na kutoa maji ya uzima. Katikati amesimama mungu Vishnu, chini yake kobe amebeba uzito wote. Usiishie hapo, inama. Chini kabisa wapo samaki na mamba, mmoja mmoja na magamba yake. Kadiri unavyokaribia katikati ndivyo wanavyozidi kukatika vipande, kwa nguvu ya maji yanayosukwa. Kuna mtu wa karne ya 12 aliyekaa akafikiri samaki atakuwaje pale.

Nilipowaona wale samaki nilikuwa nimepita ukumbi ule mara nyingi na makundi, saa mkononi. Siku hiyo kundi lilikuwa limelala. Nilikaa chini hadi mguu ukafa ganzi, na aliyepita ni mfagiaji tu, akaniashiria niinue miguu, akafagia, akaendelea.