Re: Binti kaitwa St Paul's, je, ni chuo cha juzi?

Dadangu wa Mikindani, nimekuelewa: umeona hati ya Chuo Kikuu cha St Paul's, alikoitwa binti yako, ni ya 2007, ukaingiwa na hofu kuwa ni chuo cha juzi. Tulia. Chuo hicho asili yake ni hapa hapa kwetu Mombasa. Kilianza 1903 Frere Town kama shule ya dini ya wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, kwenye makazi ya watumwa waliokombolewa. Ukipita Kengeleni, itazame ile kengele: ndipo penyewe. 1930 kikahamia Limuru, na 1955 kikawa chuo cha theolojia cha makanisa kadhaa kwa pamoja.

Ila umri wa chuo hauidhinishi kozi. Mpwa wangu alisoma miaka miwili kwingine, kisha baraza la taaluma yake likamkatalia. Machozi yale siyasahau. Kwa hivyo uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kuhusu kozi yenyewe, kwa jina lake kamili. Kama ni sheria au uuguzi, liulize na baraza linalohusika kabla hujalipa.

Karo iende kwenye akaunti ya chuo, kamwe si kwa simu ya mtu. Na mnunulie sweta mbili nzito, Limuru kuna baridi.