Baridi Ikiingia, Mwili Wote Unauma: Maswali ya Wasomaji wa Nyanda za Juu

Barua za safari hii zimetoka Makete, Uyole, Mafinga, Tukuyu, Mbalizi na Iringa. Karibu zote zinazunguka jambo moja: fibromialjia (ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima), baridi na tiba za Kichina. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha.

SWALI (Makete): Habari za kazi. Nina miaka 38. Huu mwaka wa pili nauma shingo, mabega, mgongo, nyonga hadi nyayo. Nalala usiku kucha, naamka kama niliyekesha. Vipimo vyote vya damu viko safi. Daktari ameniambia ni fibromialjia. Mtaalamu wa tiba za Kichina anasema upepo na baridi vimeniingia. Nani mkweli? Na mbona Juni na Julai ndiyo nazidiwa?

JIBU: Pole sana dada. Hawa wawili hawapingani kama unavyodhani. Katika fibromialjia misuli na viungo havijaharibika. Shida iko kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambao huzipokea taarifa za kawaida za mwili, kama mguso, ubaridi au uchovu, na kuzikuza mpaka ziwe maumivu. Ni kama spika ya harusini iliyofunguliwa hadi mwisho: hata anayenong'ona anasikika anafoka. Ndiyo maana damu inatoka safi. Ugonjwa hutambuliwa kwa maelezo: maumivu yaliyoenea kulia na kushoto, juu na chini ya kiuno, kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu, usingizi usioburudisha na kusahausahau. Ile desturi ya kubonyeza sehemu 18 na kutafuta 11 zinazouma ilikuwa ya vigezo vya 1990. Vigezo vya 2010 viliiacha.

Wachina maumivu ya namna hii huyaita bi, yaani kuziba. Kwao, upepo ndio unaofanya maumivu yahamehame, leo bega kesho goti. Baridi hufanya yang'ang'anie mahali pamoja, nayo hupungua ukiota moto. Unyevu huleta uzito, mwili kama gunia lililoloa. Kama maelezo ya mgonjwa anavyojisikia, tunaona ni mazuri mno. Kama maelezo ya kinachotokea ndani ya mwili, hapana. Upepo haukai kwenye nyonga.

Kuhusu hali ya hewa, mwaka 2013 utafiti wa Uholanzi uliwafuata wanawake 333 wenye fibromialjia kwa siku 28 na haukupata uhusiano wa maana kwa kundi zima, ingawa wachache walionekana kuathirika kidogo. Mwaka 2019 utafiti wa Uingereza wa watu 2,658 wenye maumivu sugu ulikuta maumivu yanapanda kiasi siku za unyevu mwingi, upepo na mgandamizo mdogo wa hewa. Kwa hiyo hujitungii, ila hewa peke yake haitoshi kueleza mateso yako ya Juni. Baridi ya Makete inakufanya ukunje mabega kutwa nzima, utembee kidogo na ulale kwa kujikunyata. Hayo matatu yanatosha kuamsha maumivu.

Chukua daftari. Kwa wiki 4, kila jioni andika maumivu kwa alama 0 hadi 10, usiku ulivyolala, kazi uliyofanya, na kama kulikuwa na mvua, upepo au jua. Wengi hugundua kwamba siku mbaya ilitanguliwa na siku ya kulima kutwa bila kupumzika, na mvua inasingiziwa tu. Ukiona hivyo, lima dakika 30, kaa 10, hata siku unayojisikia mzima. Hasa siku hiyo.

Na kabla ya kukubali kwamba vipimo "vyote" vimefanyika, uliza kama tezi ya shingo ilipimwa, na wingi wa damu. Kama mnafuga ng'ombe au mnakunywa maziwa mabichi, taja pia Brusela, ugonjwa unaotupisha mimba mifugo, kwa kuwa nao huleta maumivu ya mwili mzima, uchovu na homa za kurudirudi. Kiungo kikivimba, au asubuhi kikikaza zaidi ya saa nzima, hapo tafuta baridi yabisi.

SWALI (Uyole): Nimesikia kuloweka miguu na kuchoma moksa kunafukuza baridi. Naomba vipimo kamili. Mimi usiku huingiza jiko la mkaa chumbani, baridi ikipungua nalala, ila asubuhi kichwa kinaniuma.

JIBU: Tuanze na jiko, maana hapo ndipo penye hatari. Mkaa unaowaka chumbani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Kichwa cha asubuhi, kichefuchefu na ulegevu ndizo dalili zake, na chumba kilichofungwa vizuri kinaweza kuua familia nzima usingizini. Jiko litoke nje leo. Kulala na jiko "lililobaki majivu tu" ni kosa lile lile, kwa sababu mkaa unaofifia bado unatoa gesi. Badala yake, tia maji ya moto kwenye mpira maalumu wa maji ya moto au kwenye chupa ngumu, funga kwa kitenge mara mbili, weka kitandani nusu saa kabla ya kulala, kisha usogeze miguuni.

Sasa miguu. Ponda tangawizi gramu 100, sawa na kipande cha ukubwa wa kiganja, chemsha katika lita 1 ya maji kwa dakika 10. Mimina kwenye beseni, ongeza maji ya baridi na ya moto mpaka yapite vifundo vya miguu. Pima kwa kiwiko, si kwa vidole vya miguu: kiwiko kisikie joto la kupendeza, nyuzi 38 hadi 40. Kaa dakika 15 hadi 20. Ukiongeza maji ya moto, toa miguu kwanza. Futa hadi katikati ya vidole na uvae soksi hapo hapo. Fanya hivyo saa moja hivi kabla ya kulala. Miguu ikipata joto, damu husambaa kwenye ngozi, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo, na usingizi huja kwa njia hiyo. Wanaoshindwa ni wale wanaotaka maji ya kuunguza: wanatoka jasho, wanaenda uani kumwaga maji, upepo unawakuta wameloa. Wachina husema mlango umeachwa wazi. Fizikia inasema ngozi yenye maji hupoteza joto haraka. Ushauri ni mmoja.

Moksa ni majani ya mmea wa jamii moja na pakanga, yaliyokaushwa, yakasagwa yakawa kama pamba na kusokotwa kama sigara nene. Huwashwa ncha na kushikwa sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye ngozi, dakika 10 hadi 15, mpaka ngozi iwe ya uvuguvugu. Kwa mweusi usisubiri wekundu, sikiliza joto. Gonga majivu kila baada ya muda mfupi kabla hayajaanguka yenyewe. Izime kwa kuichomeka kwenye kopo la mchanga. Fungua dirisha, moshi wake ni mwingi. Mwenye pumu aiache. Na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asifanye moksa wala kuloweka, kwani ataungua bila kujua.

SWALI (Mafinga): Nilinunua sokoni vidonge vya mitishamba ya Kichina. Siku ya tatu maumivu yote kwisha! Sasa ni mwezi wa pili, uso umekuwa duara, nakula sana, na presha imepanda. Niache?

JIBU: Usiviache ghafla, na usiendelee navyo kimya kimya. Nenda hospitali kesho na pakiti mkononi. Mitishamba halisi haifuti maumivu ya miaka kwa siku tatu. Dalili zako ni za steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, mfano deksamethasoni, ambazo mara kwa mara hukutwa zimechanganywa kwa siri kwenye dawa za "asili" za viungo. Mwili ukizizoea wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni yake. Ukikata mara moja unaweza kulegea, kutapika na presha kuanguka vibaya. Daktari atapima presha na sukari na kukupunguzia kwa hatua.

Wengine, kabla ya kununua, someni maandishi ya pakiti. Fuzi, chuanwu na caowu ni mizizi ya akoniti, sumu ya moyo, ambayo huchemshwa muda mrefu ili ipungue makali. Midomo na ulimi vikianza kuwasha na kufa ganzi, kimbieni hospitali. Mahuang hupandisha presha. Leigongteng huathiri ini na uzazi. Guanfangji huharibu figo. Gancao, ambayo ni tamu na iko kwenye michanganyiko mingi, ikinywewa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Pakiti isiyotaja viungo vyake hata kidogo, iacheni mezani kwa muuzaji. Watoa tiba wenyewe wanapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya 2002. Kuomba kuona cheti si utovu wa adabu.

SWALI (Tukuyu): Huku mvua haikatiki. Nile nini, na niache nini?

JIBU: Hakuna chakula kilichothibitika kuponya fibromialjia. Kuna vinavyosaidia usingizi, tumbo na nguvu. Wachina wanashauri mtu wa sehemu yenye unyevu ale vilivyopikwa, vya moto, apunguze mabichi, mafuta mengi na sukari. (Chainizi ya sokoni, pamoja na jina lake, wenyewe wanaihesabu miongoni mwa vyakula vya kupoza, hivyo huikaanga na tangawizi.)

Jaribu uji wao wa mchele kwa mchele wa Kyela. Kikombe 1 cha mchele, vikombe 8 vya maji, vipande 4 vyembamba vya tangawizi. Ukichemka punguza moto, funika nusu, acha saa moja na nusu. Dakika 20 za mwisho koroga mfululizo, la sivyo unashika chini. Chumvi mwishoni. Uji mtupu ni wanga tu, utaona njaa baada ya saa mbili; pasulia yai ndani yake, au tia njegere au dagaa wa Ziwa Nyasa.

Maharage mengi huwajaza gesi wagonjwa hawa, maana matumbo yenye hisia kali huandamana na ugonjwa huu. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, chemsha kwa mapya. Parachichi lako la Rungwe, ulezi na mboga za majani vina madini ya magnesi vilevile. Chai nayo, najua naigusa Tukuyu pabaya: isinywewe na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma kufyonzwa, na upungufu wa chuma huongeza uchovu na miguu isiyotulia usiku. Subiri saa moja baada ya kula, na kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Pombe, ulanzi ukiwemo, hulaza haraka kisha huvunja usingizi saa tisa usiku.

Ukishuku chakula fulani, kiache kimoja wiki 3, kirudishe, uone. Anayeacha saba kwa mpigo hatajua kipi kilikuwa na kosa, na atakonda bure.

SWALI (Mbalizi): Wanangu, nina miaka 67. Nimeandikiwa amitriptilini, nikasoma ni dawa ya msongo wa mawazo. Mimi si kichaa.

JIBU: Shikamoo baba. Hakuna aliyekuita hivyo. Kwa kipimo kidogo, kama miligramu 10 usiku, dawa hii hushusha ile spika na kurefusha usingizi. Ila kwa umri wako mwambie daktari kama mkojo hutoka kwa shida, una presha ya macho au ugonjwa wa moyo, na usiku inuka taratibu, kizunguzungu huangusha.

SWALI (Iringa): Sindano za Kichina zinafaa kweli? Na mazoezi nitayawezaje na upepo huu wa asubuhi?

JIBU: Mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 9 na watu 395, yalionyesha kwamba akupancha, yaani hizo sindano, hupunguza maumivu na ukakamavu ukilinganisha na kutotibiwa, lakini ile ya mkono haikuishinda sindano ya kuigiza; ile ya kupitisha umeme mdogo ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Nafuu ilidumu kama mwezi, si miezi sita. Ukiamua, sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako, ukae nazo dakika 20 hadi 30. Jipe mara 6 hadi 8 ndipo uhukumu. Ukitoka na kubanwa pumzi baada ya kuchomwa mabegani au kifuani, ni dharura: pafu linaweza kuwa limetobolewa.

Bila sindano, bonyeza zusanli: vidole vinne chini ya ukingo wa kifuniko cha goti, kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi, dakika 1 hadi 2 kila mguu. Hegu, pale katikati ya gumba na shahada, mjamzito asibonyeze.

Mazoezi ndiyo pekee yaliyopewa pendekezo la nguvu na wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya viungo mwaka 2017. Tai chi, ile michezo ya Kichina ya polepole, ilijaribiwa Marekani kwa watu 226, matokeo yakatoka 2018: ilifanya sawa au zaidi ya mazoezi ya aerobiki. Usitoke alfajiri. Subiri saa nne, jua likishika ukuta, simama upande usio na upepo ukiwa na sweta. Anza dakika 5, ongeza 2 kila wiki mpaka ufike 30. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, rudi kipimo cha wiki iliyopita, usiache kabisa.