Kadi mpya haionekani, na ikionekana SSD inapotea

Swali: Nimeongeza kadi ya PCIe (ya kuchomekwa kwenye sloti za mazabodi) yenye poti nne za USB 3.0 kwenye kompyuta ya mezani inayotumia Windows 10. Niliichomeka kwenye ile sloti fupi, nikafunga draiva ya kwenye CD iliyokuja nayo, nikaifuta, nikaifunga tena. Hakuna kitu, hata alama ya njano kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, haipo. Nilipoihamishia sloti ndefu ya chini ilionekana palepale, ila SSD yangu ya M.2 (diski ndogo inayochomekwa kwenye mazabodi yenyewe) yenye mafaili ya kazi ikatoweka. Nikiitoa kadi, SSD inarudi. Je, kadi ni mbovu, au mazabodi ndiyo inakufa?

Jibu: Usiirudishe kadi. Imetambuliwa palepale kwenye sloti ya chini, kwa hiyo ni nzima, na sioni dalili kwamba mazabodi inakufa. Una matatizo mawili yaliyokukuta kwa pamoja, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza weka hiyo CD kando. Kadi isipoonekana, jambo la kujua ni nani asiyeiona: mazabodi au Windows? Kompyuta inapowaka, kabla hata Windows haijaanza, BIOS, programu ya mazabodi inayoamka kwanza, hupita sloti moja baada ya nyingine kuangalia kilichochomekwa. Kadi hujitambulisha kwa namba ya mtengenezaji wa chipu na namba ya chipu yenyewe. Ikishajitambulisha, Windows itaionyesha hata kama haina draiva yake. Utaiona na alama ya njano na kosa namba 28, maana yake draiva haijafungwa. Kwenye sloti fupi wewe hukuona hata hiyo alama. Kadi haikujibu kabisa, na draiva haiwezi kuendesha kitu ambacho mashine haijui kama kipo. Isitoshe, Windows 8 na zilizofuata zina draiva yao ya USB 3.0. CD za aina hiyo ziliwafaa zaidi watu wa Windows 7.

Kama unataka uhakika, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, fungua terminali, andika `lspci -nn`. Chipu za kadi hizi mara nyingi huanza na 1912 (Renesas), 1b21 (ASMedia) au 1106 (VIA). Linux nayo isipoiona, acha kuisumbua Windows.

Sasa SSD. Mafaili yako yako salama, hakuna kilichofutwa. Kilichotokea ni kwamba SSD imenyang'anywa njia. Data za PCIe hupita kwenye njia zinazotoka kwenye prosesa na kwenye chipseti (chipu kuu ya mazabodi), na njia hizo zina idadi maalumu. Watengenezaji wa mazabodi huweka sloti na soketi nyingi kuliko njia zilizopo, kisha wanazipanga mbili mbili zichangie. Ukitumia hii, ile inazimwa au inapunguziwa kasi. Hayo huandikwa kwenye kijitabu cha mazabodi, kwa kawaida chini ya jedwali la sifa, kwa herufi ndogo zenye kinyota ambazo hakuna anayezisoma mpaka yamfike. (Wengine hupoteza poti mbili za SATA, zile za diski za nyaya, badala ya M.2, na wao huanza kubadilisha nyaya bure.) Pakua kijitabu cha modeli yako hasa, si cha modeli inayofanana nayo, utafute sloti ile ya chini inachangia na nani.

Dawa ni kuwatenganisha hao wawili. Kama kuna soketi nyingine ya M.2, hasa ile iliyo karibu na prosesa, hamishia SSD huko baada ya kuhakikisha kwamba inakubali aina ya SSD uliyonayo. Au kama hutumii kadi ya picha, chomeka kadi ya USB kwenye sloti ndefu ya juu kabisa. Kadi fupi kukaa kwenye sloti ndefu si kosa, inafanya kazi vilevile. Baadhi ya BIOS pia zina mahali pa kuchagua nani apewe njia.

Ukipenda kuirudisha kwenye sloti fupi, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, halafu gusa chuma cha kasha kabla hujashika kadi. Angalia mkao wake kwa makini, maana mimi ningeanza kushuku hapo. Kile kibati cha nyuma kikikwama kidogo kwenye kasha, ukikaza skrubu upande wa kibati unashuka na mkia wa kadi unainuka. Kwa macho ya haraka utaapa imekaa. Laza kasha ubavu, chomeka kadi bila skrubu, uone mstari wa dhahabu umezama sawasawa mwanzo hadi mwisho, kisha ujaribu kuwasha. Ikionekana, kinyooshe kibati. Meno ya dhahabu yakiwa machafu yafute kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili. Kifutio cha penseli wanachopenda watu kinakwangua dhahabu.

Bado? Ingia BIOS uone kama sloti hiyo imezimwa, na kama kuna chaguo la kasi ya PCIe literemshe kutoka Auto hadi Gen2, kasi ya chini zaidi. Kusasisha BIOS kuwe kwa mwisho, kwa sababu umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka.

Jambo moja hukuuliza, lakini litakufuata. Tazama kama kadi ina tundu la umeme wa SATA au Molex, yaani la waya unaotoka kwenye pawa saplai. Poti moja ya USB 3.0 inaweza kutoa miliampea 900 kwa volti 5, yaani wati 4.5, nne ni wati 18. Kadi ya x1, yaani ya sloti fupi kama yako, inaruhusiwa kuvuta wati 10 tu inapoanza kuwaka. Tundu likiwepo bila kuchomekewa waya huo, kadi itaonekana vizuri, ila diski ya nje inaweza kukatika katikati ya kunakili, nawe utarudi kulaumu draiva.

Na sloti fupi ikiendelea kukataa baada ya yote haya, chomeka humo kadi nyingine unayojua ni nzima, hata ya mtandao ya zamani. Nayo isipoonekana, na kijitabu hakisemi kwamba sloti hiyo inachangia na kitu, sloti ndiyo mbovu. Achana nayo, tumia ile ya juu.